Namba ya kwenye boksi la TV si lazima iwe ya kioo

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu maneno "Full HD 1080p" na "4K" yanayobandikwa kwenye maboksi ya runinga. Kwa TV nyingi za bei nafuu, hasa za inchi 32, namba hiyo inaeleza kile ambacho tundu la HDMI, yaani la waya wa picha na sauti, linaweza kupokea. Kioo chenyewe ni habari nyingine, na wanunuzi wanalipia wasichokipata.

Full HD ya kweli ni kioo chenye nukta za picha (pixel) 1920 kwa upana na 1080 kwenda juu, jumla 2,073,600. Vioo vingi vya inchi 32 vina 1366 kwa 768, yaani 1,049,088, karibu nusu tu. TV ya namna hiyo hupokea 1080p bila shida, kisha huipunguza itoshe kwenye nukta ilizonazo. Muuzaji akibonyeza rimoti, maandishi "1080p" yatatokea pembeni ya skrini, naye atakuambia huo ndio ushahidi. Hapana. Hiyo ni picha inayoingia. Hata flashi yenye filamu ya 1080p ikicheza vizuri, haithibitishi lolote kuhusu kioo.

Soma namba ya modeli kwenye stika ya nyuma, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, na uangalie nukta za kioo, si orodha ya picha zinazopokelewa. Modeli isipopatikana, nenda dukani na laptopu na waya wa HDMI. Weka laptopu kwenye 1920 kwa 1080, ukuzaji wa maandishi (scaling) asilimia 100, ufungue picha ya mistari myeusi na myeupe inayopishana, kila mstari nukta moja. Kioo cha Full HD huonyesha kila mstari peke yake. Cha 1366 hutoa ukijivu au mawimbi. Lakini kwanza zima ukataji wa kingo. TV nyingi hukuza picha kidogo na kuficha pembezoni, na hapo hata Full HD halisi itaonekana chafu. Kwenye ukubwa wa picha chagua "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", kutegemea kampuni. Anayeruka hatua hii huishia kuikataa TV nzuri.

Haki itendeke pia kwa kioo cha 1366. Ukikaa zaidi ya mita 2 kutoka inchi 32, jicho halioni tofauti ya maana, na kwa taarifa ya habari na mpira kinatosha kabisa. Kosa ni kukiuza kwa bei ya Full HD. Anayetaka kukitumia kwa kazi za kompyuta ataona maandishi yamefifia siku hiyo hiyo.

Kwa 4K, nukta 3840 kwa 2160, uliza matundu. HDMI 1.4 hufikia picha 30 tu kwa sekunde; 60 zinahitaji HDMI 2.0, na baadhi ya TV hutoa uwezo huo kwa tundu moja tu, tena hadi uuwashe kwenye menyu. Filamu za 4K zilizolindwa zinadai pia HDCP 2.2, yaani kinga dhidi ya kunakili, kwenye kila kifaa kinachopitisha picha. Redio ya sebuleni ya zamani yenye HDMI ikikaa katikati ya kifaa na TV, picha hushuka au skrini huwa nyeusi.

Kisha kuna waya wa njano. Ukiunganisha king'amuzi kwa AV, unapata mistari 576, ileile ya TV za chogo, hata kama kioo ni cha 4K. Tumia HDMI, na uweke king'amuzi kwenye 1080i. TV iliyotoka Marekani ina kipokezi cha ATSC, mfumo wa matangazo wa huko, hivyo haishiki DVB-T2, mfumo unaorushwa Tanzania na Kenya bila king'amuzi. Nyingine hukataa hata picha ya 50Hz (mara 50 kwa sekunde) kupitia HDMI, basi badili king'amuzi kiwe 60Hz. Soma pia volti zake kabla ya kuichomeka.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo. Wenye maduka waandike nukta za kioo kwenye kibandiko cha bei. Mnunuzi naye adai risiti yenye namba ya modeli na maneno "kioo 1920 x 1080" kabla ya kutoa pesa; muuzaji anayekataa kuyaandika, usimlipe.

Fundi runinga,
Dar es Salaam