Tunaotumwa nje kikazi tusiachiwe wasiwasi peke yetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, maana habari za siasa na mipaka zinaandikwa kila siku lakini zinaongelea marais, mawaziri na bei ya mafuta tu, sisi wafanyakazi wa kawaida tunaotumwa nje kikazi hatusemwi kabisa. Leo unaambiwa wiki ijayo una kikao nchi fulani, kesho yake unasikia nchi hiyo imebadili masharti ya visa au imefunga mpaka na jirani yake, halafu ofisini swali ni moja tu, umeshakata tiketi?

Mi nasema hivi, huu wasiwasi sio woga na wala sio kukosa kujituma. Ni hatari ya kazi kama hatari zingine za kazini na aliyekutuma ndo anatakiwa aibebe pamoja na wewe. Sa hivi anaibeba msafiri peke yake, mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Kuna wanaosema tunakuza mambo, kwamba ukifuatilia habari siku mbili tatu kabla ya kuondoka inatosha. Haitoshi jamani. Tarehe 27 Januari 2017 Rais Trump alisaini amri ya kuzuia raia wa nchi 7 kuingia Marekani na ikaanza kazi hapohapo, kuna watu walipanda ndege wakiwa na visa halali kabisa, wakatua wakakuta wameshakuwa watu wa kuzuiwa. Septemba 2025 yakatokea mengine, Ijumaa ya tarehe 19 likatoka tangazo la ada ya dola 100,000 kwa ile visa ya Marekani ya H-1B, ya wataalamu wa kigeni wanaoajiriwa kule, kuanza usiku wa kuamkia Jumapili, na makampuni makubwa ya teknolojia yakaanza kuwatumia wafanyakazi wao meseji kwamba aliye nje arudi haraka na aliye ndani asitoke. Watu wakaacha likizo, wakaacha shughuli za familia, wakatafuta tiketi kwa bei yoyote ile. Jumamosi yake Ikulu ya Marekani ikafafanua kuwa ada ni ya maombi mapya tu, wenye visa zao hawaguswi. Sawa, lakini aliyekwisha kukesha uwanja wa ndege na watoto nani anamrudishia ule usiku?

Na hapo tunaongelea makaratasi tu, vita bado. Tarehe 15 Aprili 2023 mapigano yalianza Khartoum asubuhi na uwanja wa ndege ukawa moja ya sehemu za kwanza kupigwa, waliokuwa mjini wakalazimika kutoka kwa barabara, wengine mpaka Port Sudan na wengine mpaka mpaka wa Misri. Balozi za nje zikafungwa, wanadiplomasia wakaondolewa, na Wasudani waliokuwa wamepeleka pasipoti zao kwenye balozi hizo kuombea visa wakabaki nje ya geti, pasipoti ziko ndani na hakuna wa kufungua. Ubalozi wa Marekani wenyewe ulikiri kwamba uliziharibu pasipoti ilizokuwa nazo ili zisiangukie mikono mibaya. Hili mi haliniachi, kwa sababu kuacha pasipoti ubalozini wiki nzima ukisubiri visa ni kitu ambacho kila anayesafiri kikazi amekifanya na akaenda kulala usingizi wake vizuri tu.

Niger nako, baada ya mapinduzi ya Julai 2023 wanajeshi walifunga anga ya nchi tarehe 6 Agosti na haikufunguliwa mpaka Septemba. Na usidhani ukikwepa kwenda sehemu zenye vita umepona, tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake ghafla muda mfupi kabla Iran haijarusha makombora kwenye kambi ya Marekani iliyoko kule, na Doha, mji mkuu wake, wengi wetu hatuendi, tunapita tu kuunganisha ndege. Kwa hiyo unaweza kuwa unatoka nchi yenye amani kwenda nchi yenye amani na bado ukajikuta umelala sakafuni kwenye uwanja wa nchi ambayo haikuwa hata kwenye barua yako ya safari, ukiuliza kama unaruhusiwa kutoka nje ya uwanja bila visa.

Sasa kuna hili la kwenye dirisha la uhamiaji, na hapa ndo naomba waajiri wanisome vizuri. Visa sio tiketi ya kuingia, inakuruhusu kufika mpakani na kuomba uingie, wa kuamua ni yule afisa aliyekaa mbele yako. Anakuuliza umekuja kufanya nini, nani anakulipa, utalala wapi, unarudi lini. Wewe mkononi una visa ya biashara ambayo nchi nyingi inaruhusu vikao na mazungumzo tu, kufunga mitambo au kukaa mezani ukafanya kazi ya mwenyeji wako ni kitu kingine kabisa kinachotaka kibali chake. Halafu unakumbuka sauti ya mkubwa wako kwenye simu jana yake, wewe sema umekuja kutembea, usijichoshe na maelezo mengi. Hii kauli nimeambiwa mimi kwa masikio yangu na nilikataa, na nitaendelea kukataa, kwa sababu aliyeko pale dirishani ni mimi na jina linaloingia kwenye kompyuta yao ni langu. Marekani kwa mfano, mgeni akibainika amedanganya kwa makusudi ili apate visa au aingie, sheria yao inaweza kumfungia mlango maisha yake yote asipopata msamaha maalum. Kampuni itatuma mtu mwingine mwezi ujao. Wewe utakuwa unajaza fomu za visa za nchi zingine kila moja ikikuuliza, umewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote?

Simu na laptopu ndo usiseme. Mipaka mingi sa hivi wanaweza kukwambia fungua simu yako tuone, na Marekani maafisa wao wa mpakani wanafanya hivyo bila kibali cha mahakama, mgeni akikataa wanaweza kumrudisha alikotoka. Ndani ya ile simu kuna magrupu ya wasapu, kuna klipu za siasa ulizotumiwa na watu hata hukuziomba, kuna picha za wanao, kuna barua pepe za wateja ambazo kampuni hiyohiyo ilikusainisha kwamba ni siri usimwonyeshe mtu. Ukifungua umevunja mkataba, usipofungua unarudi na ndege inayofuata. Ofisi inayokutuma inajua yote haya na inaweza kabisa kukupa laptopu safi isiyo na kitu ya kwenda nayo na kukuandikia maagizo nini ufanye ukiambiwa ufungue. Wachache ndo wanafanya, wengine wanakwambia tu uwe makini.

Bima pia. Watu wanapewa karatasi ya bima ya safari wanaikunja wanaweka kwenye begi wakijua wamelindwa, isomeni jamani, nyingi zinasema wazi hazilipi kitu kilichotokana na vita, na hazilipi tukio ambalo lilishajulikana siku bima inakatwa. Yaani ukipelekwa sehemu ambayo tayari inafukuta, hapohapo ndo bima inapoishia.

Kwa hiyo tunataka nini? Wala sio mambo makubwa. Kwanza mtu akisema siendi, na ana sababu inayoeleweka, asiadhibiwe. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 13 kinasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hali anayoamini kwa sababu za msingi kwamba inatishia maisha au afya yake moja kwa moja alindwe asipate madhara kwa uamuzi huo, na mwaka 2022 shirika hilo likaupandisha mkataba huo ukawa miongoni mwa misingi ambayo nchi zote wanachama zinatakiwa kuiheshimu hata kama hazijauridhia. Watu wakisikia kifungu kama hicho wanawaza migodi na viwanda, mi naona na mtu anayepelekwa kwenye mji wenye mizinga kwa ajili ya kikao ambacho kingeweza kufanyika kwa video anahusika. Najua sio kila wasiwasi wa mpakani ni hatari ya maisha, visa kusumbua hakuui mtu, ila hata hapo mfanyakazi asilazimishwe kusema uongo wala asikatwe posho au kunyimwa cheo kwa kuwa alikataa kuusema.

Pili, iandikwe kabla ya safari, tena kwa jina, nani wa kupigiwa simu saa nane usiku mambo yakiharibika, nani analipia hoteli anga ikifungwa wiki, nani analipia tiketi mpya kwa njia nyingine, na mshahara unaendelea au unasimama ukikwama. Ukiuliza haya ofisini unajibiwa tutaangalia ikitokea. Ikitokea mtandao wenyewe utakuwa umekatwa, mtaangaliaje?

Na wasafiri wenzangu, pamoja na kuwadai waajiri kuna ya kwetu. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 mbele maana nchi nyingi zinataka hivyo. Toa kopi, moja abaki nayo mtu wa nyumbani. Jiandikishe ubalozini kwenu kama huduma hiyo ipo, na ukikamatwa omba ubalozi wako ujulishwe, hiyo ni haki yako chini ya kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kibalozi, itaje kwa jina lake kabisa. Na mwambie mwenzio nyumbani ukweli wa unakoenda, usimfiche ili asiogope, maana siku ukikwama yeye ndo atakayezunguka kwenye maofisi kukutafuta.

Mimi nimeshamwandikia mkubwa wangu maswali yote hayo kuhusu safari iliyoko mbele yangu na nimemwambia tiketi sikati mpaka nijibiwe kwa maandishi. Hajajibu bado. Wenye vyama vya wafanyakazi naomba mlichukue hili mliingize kwenye mikataba ya hali bora mnayojadiliana na waajiri, kwa sababu mtu mmoja akiuliza anaonekana msumbufu, wakiuliza wote itabidi wajibiwe.

Msomaji wako wa siku nyingi