Barua kwa Zuhura: mstari usio na nyota

Mpendwa Zuhura,

Pole tena kwa mkono uliovunjika. Ile picha ya karatasi ya maabara nimeikuza mpaka namba zote zikasomeka, na nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu ungenikatiza kila nikifungua mdomo. Unajijua.

Kalsiamu yako ni 2.74. Maabara wameiwekea nyota kwa sababu kikomo chao cha juu ni 2.55. Mstari unaofuata ni homoni ya parathiroidi: 58, na kiwango chao ni 15 hadi 65. Hapo hakuna nyota, nawe ukaniandikia, "Angalau hii iko sawa." Haiko sawa, mwenzangu. Kompyuta ya maabara husoma kila mstari peke yake, lakini namba hizi mbili hazisomwi hivyo.

Tezi za parathiroidi kwa kawaida ni nne, zimejibanza nyuma ya tezi ya shingo, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Ikishuka kidogo tu, zinamwaga homoni. Homoni hiyo inazifanya figo ziizuie kalsiamu isitoke na mkojo, fosfeti ndiyo itoke. Inazifanya pia figo zikamilishe vitamini D, na hiyo ndiyo inayousaidia utumbo kunyonya kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Halafu inagusa mifupa, ambako asilimia 99 hivi ya kalsiamu yote ya mwili imehifadhiwa, na kuanza kuchota. Mwili haufanyi hivyo kwa ubaya. Moyo, misuli na neva haviwezi kusubiri, mfupa unaweza.

Kalsiamu ikishapanda, tezi zinatakiwa zinyamaze. Kwa 2.74, homoni yako ilitakiwa iwe imeshuka hadi karibu na 15, au chini ya hapo. Ikiwa ni 58, basi kuna tezi ambayo haijanyamaza. Ndiyo maana daktari akiitazama karatasi hiyo atafikiria kwanza kwamba tezi ndizo zinazoipandisha kalsiamu. Mara nyingi mhusika ni tezi moja tu iliyovimba, na uvimbe wenyewe si saratani. Saratani ya tezi hizi ipo, lakini ni nadra sana, kwa hiyo lala usingizi. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Hukuuleta wewe kwa kula hiki au kuacha kile.

Sasa mifupa. Kinachonishangaza mimi mpaka leo ni kwamba homoni hii haiziamrishi moja kwa moja seli zinazobomoa mfupa. Inazungumza na seli za ukoo wa wajenzi, na hizo ndizo zinazowaita wabomoaji. Ikija kwa mkupuo mfupi kisha ikaondoka, wajenzi hupata nguvu. Ikikaa kwenye damu mchana na usiku, wabomoaji hushinda. Kuna hata dawa iliyotengenezwa kutokana na siri hiyo, teriparataidi, ambayo ni kipande cha homoni hiihii. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2002, na hudungwa mara moja kwa siku ili kuujenga mfupa uliodhoofika. Nakutajia kwa sababu lazima utaisoma mahali ukaitaka. Kama tezi yako ndiyo haijanyamaza, dawa hiyo si yako.

Na hasara haigawanyiki sawa. Homoni iliyozidi huula zaidi ule mfupa mgumu wa nje, ambao umejaa kwenye mkono kati ya kiwiko na kifundo. Mfupa wa ndani wenye vitundu, kama wa pingili za mgongo, mara nyingi huvumilia zaidi, ingawa nao haupo salama kabisa. Kwa hiyo ukienda kupimwa uzito wa mifupa, usikubali wapime nyonga na mgongo tu. Waambie wapime na mkono, ule ambao haukuvunjika.

Usione aibu kuuliza, maana hata wakubwa wa tiba walichelewa kulielewa jambo hili. Tezi zenyewe zilielezwa vizuri kwa binadamu mwaka 1880 na Ivar Sandström, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Uswidi. Baadaye wakaona kwamba watu wenye mifupa iliyolika wana tezi zilizovimba, na wengi wakadhani tezi zimevimba ili kuisaidia mifupa. Mwaka 1925, kule Vienna, daktari wa upasuaji Felix Mandl alikuwa na mgonjwa, kondakta wa tramu, mwenye mifupa iliyoharibika vibaya. Alijaribu hata kumpandikizia tezi nyingine. Haikusaidia kitu. Ndipo akamfungua shingo, akakuta uvimbe, akautoa, na mgonjwa akaanza kupata nafuu. Miaka kadhaa baadaye ugonjwa ulimrudia, lakini swali la nani anamla nani lilikuwa limejibiwa.

Wifi yako anakwambia uache maziwa. Mwambie asante, uendelee kunywa. Ukiunyima mwili kalsiamu ya chakula, unazipa tezi sababu nyingine ya kuuchota mfupa. Vidonge vya kalsiamu ni habari tofauti: usijiongezee mwenyewe kabla daktari hajaamua. Vitamini D ipimwe, kwa sababu ikipungua nayo huipandisha homoni, na ikishajulikana hurekebishwa taratibu. Kunywa maji ya kutosha, maana kalsiamu nyingi huzaa mawe ya figo. Na chukua vile vidonge vyako vya presha uende navyo. Kama ni vya kukojoza vya kundi la thiazaidi, vinaweza kuipandisha kalsiamu, na daktari lazima ajue kabla hajahukumu tezi.

Watarudia vipimo vyote viwili kwa damu ya siku moja, na huenda wakakuomba mkojo wa saa 24. Usiudharau mtungi huo. Kuna familia zenye kalsiamu ya juu ya kurithi isiyo na madhara makubwa. Wao hupoteza kalsiamu kidogo sana kwenye mkojo, na upasuaji hauwasaidii.

Ikithibitika ni tezi, wewe uliyevunjika mkono kwa kuteleza tu huna hoja ya "tusubiri tuone". Upasuaji unaoondoa tezi mbaya ndio unaoponya. Homoni hii hudumu dakika chache tu kwenye damu, kwa hiyo madaktari wengine huipima palepale chumba cha upasuaji: ikishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika kumi, wanajua wameipata yenyewe. Baadaye unaweza kuhisi ganzi ya kuchomachoma midomoni na kwenye ncha za vidole, kwa sababu mfupa wenye njaa unaivuta kalsiamu kutoka kwenye damu. Hiyo unaisema mara moja, usiingojee asubuhi. Uzito wa mifupa kwa kawaida hupanda katika miaka inayofuata.

Niambie siku ya miadi mapema nije nikusindikize. Na nitumie jina la vile vidonge vya presha leo hii, kabla hujasahau.

Wako,
Mwanaidi