Barua kwa mwanangu: Gunia

Baba,

Nakuita baba kwa kuwa umebeba jina la baba yangu. Jana uliponiuliza kwa simu kwa nini guka, babu yako, hakudai fidia ya Waingereza kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, nilisikia kama ni yeye anayeuliza, nikajifanya mtandao umekatika. Nisamehe.

Maishani mwangu alinipiga kofi moja tu. Nilikuwa na miaka minane, mvua ilinikuta kiwandani tukipeleka kahawa, nikafanya kama watoto wote: nikakunja gunia pembe kwa pembe, nikalivaa kichwani, nikakimbia nyumbani. Aliponiona mlangoni alinizaba, akalitia gunia motoni, akatoka kusimama mvuani hadi usiku. Hakueleza neno. Kwetu magunia yalikaa chini ya kitanda, yamekunjwa, nami nilidhani mzee anapenda tu unadhifu.

Alfajiri ya 24 Aprili 1954 wanajeshi waliizingira Nairobi. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Gakunia, ndivyo walivyomwita. Akitikisa kichwa, umekwenda. Guka wako alikuwa dobi Pumwani, kichwa kikatikiswa. Akapelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani, kisha ya Mwea, miaka minne bila kuiona mahakama. Huko watu walipangwa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kulingana na walivyokana kiapo cha Mau Mau, kundi lililopigana na ukoloni. Yeye aliingia mweusi, asiyekana. Haya niliyapata kwa wenzake. Kwake sikupata hata sentensi moja. Shosho, bibi yako, naye aliyekuwa kijijini ndani ya seng'enge, akichimba handaki kando ya msitu huku anachapwa, alikuwa akisema tu, "Wakati ule tulilima sana."

Sasa fidia. Guka alifariki 1998, na hadi 2003 Mau Mau lilikuwa kundi haramu kwa sheria ya Kenya huru, yetu wenyewe. Tarehe 6 Juni 2013 ndipo William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alipoliambia bunge la London kwamba serikali yake inajutia mateso yale, wakatoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Dhima ya kisheria waliikataa. Mfalme Charles alipokuja 2023 alisema maovu yale hayana kisingizio, samahani hakuitamka. Wengi waliudhika. Mimi niliizima redio nikaenda kukamua, kwa sababu deni lililotunyamazisha nyumbani halikuwa lote la London.

Jioni tulipomzika guka, shosho aliniita jikoni. Akaniambia gunia lile halikufika miguuni. Guka aliitambua ile miguu: kidole gumba cha kushoto kilipinda ndani, na mwenyewe alikuwa mtu wa kilima chetu. Na kila Jumapili, tangu aliporudi 1958, miguu ile ilikuwa ikivuka ua wetu, pekupeku, kuja kunywa chai. Guka ndiye aliyekuwa akiisogezea kiti.

Shosho alinitajia jina. Wewe sikutajii, umesoma na wajukuu zake, na mmoja ndiye aliyekusimamia harusi.

Ila siku ya mazishi mwenye miguu ile alikuja mapema kuliko wote, akashika jembe kufukia kaburi, akakataa kupokewa na vijana. Jua lilikuwa kali, vumbi tupu. Alikuwa amevaa gambuti.

Ni mimi,
Baba yako