Droni milioni moja ni mota milioni nne

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu viwanda vya droni za kijeshi ilidai kuwa Ukraine imethibitisha jambo moja: nchi yoyote yenye ukumbi mkubwa, meza na vijana wanaojua kushika pasi ya kulehemu inaweza kujitengenezea ndege hizo kwa maelfu. Nusu ya dai hilo ni kweli. Kuunganisha droni ndogo ya mapangaboi manne ni kazi ya saa chache kwa fundi aliyezoea. Lakini kinachobana uzalishaji hakiko kwenye meza ya fundi. Kiko kwenye vipuri, na huko makala haikufika.

Desemba 2023, Rais Volodymyr Zelensky alitangaza kwamba nchi yake ingetengeneza droni milioni moja mwaka 2024. Tuifungue hesabu hiyo. Kila droni ina mota nne, kwa hiyo zinatakiwa mota milioni nne. Mota za ukubwa unaotumika sana kwenye droni hizi huwa na sumaku 14 zilizogandishwa kwa gundi ndani ya kikombe cha nje kinachozunguka. Hizo ni sumaku milioni 56. Betri ikiwa imeundwa kwa seli 12, seli zinakuwa milioni 12. Na kwa kuwa nyingi ya droni hizi huenda zisirudi, hakuna kipuri cha kuvua kwenye mzoga: mwaka unaofuata hesabu inaanza upya.

Sumaku hizo ni mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni. Za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 80 hivi, na mota inayobeba mzigo hufika hapo upesi. Ili zistahimili nyuzi 120 au 150, kwa kawaida huongezwa kidogo madini adimu ya disprosiamu au tebiamu. Mnunuzi wa mota za bei poa hawezi kuona tofauti akiwa mezani. Mota inazunguka vizuri, inapita ukaguzi, kisha ikipata joto kali hewani nguvu inashuka, na hata ikipoa hairudi ilivyokuwa. Ndiyo maana mota hupimwa ikiwa imebeba mzigo na ikiwa moto. Kuizungusha tupu kwa sekunde kumi hakumwambii mkaguzi chochote.

Takribani sumaku tisa katika kila kumi za aina hii duniani hutoka China. Septemba 1, 2023 China iliweka masharti mapya ya kuuza nje baadhi ya droni na vipuri vyake. Aprili 4, 2025 ikaongeza masharti kwa madini adimu saba, yakiwemo disprosiamu na tebiamu, pamoja na sumaku zilizochanganywa nayo. Kuna mfano wa betri vilevile: Oktoba 2024 China iliiwekea vikwazo Skydio, kampuni ya droni ya Marekani, na kampuni hiyo ikawatangazia wateja kwamba kila droni ingetoka na betri moja tu. Ukumbi ulikuwepo, mafundi walikuwepo, oda zilikuwepo.

Watasema madini yapo kwetu. Ni kweli, Ngualla mkoani Songwe ina neodimiamu na praseodimiamu ya kutosha kuzungumzwa. Lakini Watanzania tunajua maana ya makinikia, yaani mchanga wenye madini ambayo bado hayajasafishwa. Kutoka kwenye makinikia hadi kwenye sumaku kuna safari ndefu: kuyayeyusha kwa asidi, kutenganisha elementi moja moja kwa viyeyusho katika hatua ambazo huweza kufika mamia, kugeuza oksaidi kuwa metali, kuchanganya na chuma na boroni, kusaga hadi unga wa mikroni tatu hadi tano (unga huu ukikutana na hewa huwaka wenyewe), kuukandamiza ndani ya uga wa sumaku, kuuchoma kwenye tanuri lisilo na hewa kwenye nyuzi zaidi ya 1,000, kukata, kisha kupaka nikeli ili isile kutu. Peak Rare Earths ya Australia, iliyokuwa na mradi wa Ngualla, mwaka 2025 ilichukuliwa na Shenghe ya China, kwa sababu huko ndiko waliko wanaozijua hatua za katikati. Lubumbashi nako, kile kilima cheusi cha taka za kuyeyushia madini kina jemaniamu, madini ya kutengenezea lenzi za kamera za joto, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia mionzi ya joto ambayo kamera hizo hutegemea. Tangu Oktoba 2024 makinikia yake yameanza kwenda Ubelgiji, kwa kampuni ya Umicore. Ni hatua nzuri, ila lenzi haitoki Lubumbashi.

Tukija mezani, makala iliandika kana kwamba kuunganisha hakuna makosa. Yapo, na mengi hayaonekani kwa macho. Skrubu ya kufungia mota ikizidi urefu kwa milimita moja au mbili hugusa waya wa shaba uliosukwa ndani na kuukwaruza varnishi inayozuia umeme kuvuja. Mota huungua baada ya dakika chache angani, na lawama huangukia kidhibiti kasi, yaani bodi inayoilisha mota umeme. Fremu ya nyuzi za kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo waya uliochubuka ukiigusa, saketi nzima inakwenda. Kaboni hiyohiyo huzuia mawimbi ya redio, na antena ikilazwa juu yake umbali wa mawasiliano hupungua bila sababu ya kuonekana. Waya mnene wa betri hunyonya joto la pasi: fundi akiwa na pasi dhaifu, lehemu hukaa juu inang'aa lakini haijashika, na mtikisiko wa kwanza unaiachanisha. Dawa ya haya ni mazoea ya kila siku: skrubu zipimwe kwa geji kabla ya kufika mezani, pasi iwe na nguvu ya kutosha, umeme wa kwanza upitie kifaa cha kuzuia mkondo kupita kiasi, na kila bodi iandikwe toleo la programu iliyomo.

Hilo la toleo si dogo. Uhaba wa chipu uliofuatia korona uliwalazimisha watengenezaji wa bodi za kuongozea kuacha kihisi mzunguko walichokizoea (kijichipu kinachohisi droni inavyoinama na kugeuka) na kuweka vingine. Bodi mbili zenye jina lilelile na sura ileile zinaweza kuhitaji mipangilio tofauti. Kiwanda kinachopokea shehena mchanganyiko bila kukagua kitatoa droni zinazoruka vizuri na nyingine zinazotetemeka kama zina homa, na hakuna atakayejua ni zipi mpaka zipande.

Kuhusu fedha, Ukraine ilifanya mambo mawili ambayo makala haikuyataja. Mwaka 2023 iliruhusu watengenezaji kupata faida ya hadi asilimia 25, na ikaondoa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kwenye vipuri. Hata hivyo uwezo wa viwanda ulizidi fedha za serikali za kununulia, na mwaka 2024 Denmark ikaanza kulipia silaha zinazotengenezwa ndani ya Ukraine yenyewe. Halafu kuna suala la muda. Masafa ya redio yanayofanya kazi leo huweza kuzibwa na adui baada ya wiki chache, na hapo bodi ya redio hubadilishwa. Zabuni ya miezi minane inayotaja kipuri kwa namba yake inanunua kitu kilichopitwa kabla meli haijatia nanga.

Na vijana wa kushika pasi? Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu Alabuga, Tatarstan, ambako Urusi inatengeneza droni za mashambulizi za aina ya Shahed, zenye asili ya Iran. Mabinti wa umri wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini na kwingineko waliahidiwa kazi na masomo, wakajikuta wakiunganisha droni, baadhi wakishika kemikali inayochoma ngozi bila kinga. Aprili mwaka huohuo eneo hilo lilikuwa limeshashambuliwa na droni za Ukraine. Anayeandika kwamba nguvu kazi ni rahisi kuipata angeanza hapo.

Kama ni lazima kuanza mahali, tungeanza na mota, hata kama sumaku zitaagizwa. Mashine za kusuka waya na kusawazisha kikombe zinanunulika, na ujuzi huohuo unahitajika kwenye droni za kupulizia dawa mashambani, feni na pikipiki za umeme, kwa hiyo kiwanda hakitakufa oda ya jeshi ikikoma. Na zabuni ya kwanza isiulize ukumbi una mita ngapi. Iulize sumaku zitapimwa kwa joto gani, kwa kifaa gani, na ngapi katika kila mia.

Mafundi wa elektroniki za viwandani,
Dar es Salaam