Kasi ya kupakia nayo itangazwe

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme neno kuhusu intaneti ya kasi isiyo na waya kwa wenye kompyuta mpakato na vishikwambi. Kila mtandao mpya ukija, namba inayopigiwa debe ni moja: kasi ya kupakua. Kwa anayetazama video kwenye simu inatosha. Kompyuta mpakato ni kifaa cha kazi. Inatuma mafaili, inarusha sura na sauti ya mwenyewe kwenye kikao, inahifadhi nakala mtandaoni usiku kucha. Yote hayo ni kupakia, na huko ndiko 5G inakoishiwa pumzi mapema.

Mnara hurusha mawimbi kwa makumi ya wati. Modemu (kifaa kinachoongea na mnara) iliyomo kwenye simu au kompyuta, nyingi zake, hurusha kwa miliwati 200, yaani moja ya tano ya wati. Vistari vya mtandao unavyoviona kwenye kioo vinapima jinsi wewe unavyousikia mnara. Havisemi lolote kuhusu mnara unavyokusikia wewe. Ndiyo maana mtu ana vistari vitatu, video inashuka bila kukwama, halafu kwenye kikao wenzake wanamwambia sauti yake inakatika. Anaishia kuilaumu programu.

Bendi, yaani masafa ya mawimbi yanayotumika, nayo ina lake. Kwenye 3.5 GHz, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa 5G sehemu nyingi, kupakua na kupakia hupokezana njia moja kwa zamu, na mpangilio wa kawaida huipa upakuaji kama robo tatu ya muda. Bendi ya 700 MHz ina njia mbili tofauti na inapenya kuta vizuri zaidi, ila njia zenyewe ni nyembamba: mara nyingi 10 MHz kila upande, wakati 3.5 GHz inaweza kubeba 100 MHz. Zile za 26 GHz na kuendelea, wimbi lina urefu wa kama sentimita moja, na ukuta au hata kiganja cha mkono kinatosha kulizuia. Aliyekaa ndani na kompyuta yake asizitegemee. Tena, mitandao mingi ya 5G bado imeegemea mitambo ya 4G. Alama ya 5G inawaka kiooni huku unachokituma kikipita 4G kama jana.

Wanaotaka kujifungia kadi ya 5G ndani ya kompyuta wajue wanachokwenda kukutana nacho. Kadi ya 4G ya aina ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa ndani ya kompyuta, kwa kawaida ni milimita 30 kwa 42. Ya 5G ni 30 kwa 52, kwa hiyo haiingii kila mahali. Ina viunganishi vya antena vinne, na waya zake hupanda hadi kwenye fremu ya kioo. Kompyuta iliyouzwa bila modemu mara nyingi haina waya hizo wala tundu la laini, hata kama nafasi ya kadi ipo. Ukifungua kifuniko cha chini ukakuta waya mbili nyembamba, moja nyeusi na moja nyeupe au ya kijivu, hizo ni za Wi-Fi. Ukizihamishia kwenye kadi mpya unapoteza Wi-Fi, na 5G yenyewe inakuwa kilema, kwa sababu antena zile zimepimwa kwa 2.4 na 5 GHz, wakati wimbi la 700 MHz lina urefu wa sentimita 43. Halafu kuna kompyuta zinazoikataa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, zinagoma hata kabla mfumo haujawaka. Fedha inakuwa imeshakwenda. Anayenunua kompyuta yenye modemu tangu kiwandani aombe orodha ya bendi, kwa mfano n28 kwa 700 MHz na n78 kwa 3.5 GHz, ailinganishe na bendi za kampuni yake ya simu. Neno "5G" kwenye boksi halimwambii hilo.

Kwa walio wengi, simu waliyonayo ndiyo modemu nzuri kuliko zote, wakiitumia vizuri. Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm. Ikiwa −80 au karibu na hapo, mambo ni mazuri. Kwenye −100 kazi zinafanyika. Ikishuka chini ya −110, upakiaji ndio unaotangulia kufa. Tofauti ya 10 kwenye kipimo hicho ni mara kumi ya nguvu, na pengine ni tofauti ya meza na dirisha tu. Kwa hiyo simu ikae dirishani, nje ya jua kali maana ikipata joto inapunguza kasi yenyewe, na kompyuta ibaki mezani.

Ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, simu inapata na chaji. Ukiunganisha kwa hotspoti, yaani Wi-Fi inayorushwa na simu, ichague 5 GHz (haya ni masafa ya Wi-Fi, si 5G). Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui: diski ya nje ya USB 3 na waya wake humwaga kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, yale mengine ya Wi-Fi, ambayo vipanya visivyo na waya huyatumia pia. Unachomeka diski, mtandao unasinzia na kipanya kisicho na waya kinarukaruka; unachomoa, kila kitu kinapona. Diski ikisogezwa kwa waya mrefu kidogo, au hotspoti ikihamia 5 GHz, tatizo linakwisha.

Na bando? Kikao cha video cha megabiti 2 kwa sekunde kinakula megabaiti 900 kwa saa kila upande, kwenda na kurudi. Iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, ili masasisho makubwa yasijipakue yenyewe, na usimamishe programu za kuhifadhi nakala wakati wa kikao.

Mbele kuna matumaini, ila yasichanganywe. Toleo jepesi la 5G liitwalo RedCap, lililokamilishwa kwenye viwango vya 5G vya 2022, linatumia upana wa 20 MHz na antena moja au mbili. Litafaa vishikwambi kwa kutunza betri, lakini si dawa ya kupakia mafaili makubwa. Wi-Fi 7, toleo la Wi-Fi lililoanza kupewa vyeti Januari 2024, ni ya ndani ya nyumba tu. Mtandao wa nyuma yake ukiwa mwembamba, nayo inakaa kama pambo. Setilaiti za intaneti za chini, kilomita 550 hivi kutoka ardhini, zimeondoa ule mkwamo wa setilaiti za kilomita 35,786, ambako mawimbi hutumia karibu nusu sekunde kwenda na kurudi hata mitambo ikiwa mizuri namna gani. Dishi dogo la kubebeka lipo sasa, ila linakula wati 25 hadi 40, mara nyingi zaidi ya kompyuta yenyewe. Betri ya wati-saa 100 italiendesha saa tatu hivi.

Tusisahau WiMAX, intaneti isiyo na waya iliyoshindana na 4G ya leo. Kiwango chake cha kuhama na mtumiaji kilipitishwa 2005, Intel ikaiweka ndani ya kadi za kompyuta mpakato, na kufikia 2016 kampuni ya simu ya Sprint ya Marekani ilikuwa imeuzima mtandao wake wa WiMAX. Baada ya hapo kadi zile hazikuwa na kazi nyingine ila Wi-Fi. Modemu ya nje au ya kwenye simu hubadilishwa. Iliyozikwa ndani ya kompyuta huzeeka nayo.

Ombi letu kwa kurasa zako za teknolojia ni hili: mkichapisha majaribio ya mtandao, wekeni kasi ya kupakua, ya kupakia, ucheleweshaji (muda wa ujumbe kwenda na kurudi), bendi iliyotumika, na saa ya jaribio. Kipimo kilichochukuliwa saa kumi alfajiri hakimsaidii mwenye kikao saa mbili usiku.

Mafundi wa kompyuta na mitandao