Utulivu wa Kasarani usidhaniwe kuwa msamaha

Mhariri,

Mpwa wangu ana bendera moja tu ya taifa, aliyoinunua kwa mchuuzi kwenye foleni ya magari, na ambayo upindo wake umefumuka kwenye kona moja akaufunga fundo. Aliivaa mabegani Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni. Mamake aliifua mara tatu kabla harufu ya vitoa machozi haijaisha. Agosti 2025 aliivaa tena, safari hii katika uwanja wa Kasarani, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilipoilaza Morocco 1-0 katika CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, huku tukicheza watu kumi kipindi kizima cha pili. Niliiona juzi ikiwa imeanikwa kwenye kamba, ndipo nikaona nikuandikie.

Tangu mashindano hayo yaishe, nimewasikia watu wazima wenye heshima zao wakidai kwamba kandanda imeiponya nchi, na kila wanapodai hivyo huitaja Ivory Coast. Kwa kuwa nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mno, nimetumia majuma mawili kuisoma kwa utaratibu, na nimegundua kuwa husimuliwa nusu. Nusu ya kwanza ni ya kweli na inasisimua. Oktoba 8, 2005, baada ya kuichapa Sudan 3-1 mjini Omdurman na kufuzu kwa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, mshambuliaji Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera katika chumba cha kubadilishia nguo, wakiwasihi wananchi wao waweke chini silaha walizokuwa wameshika tangu 2002. Juni 2007 timu hiyo ilicheza dhidi ya Madagascar mjini Bouaké, iliyokuwa ngome ya waasi, na kushinda 5-0.

Nusu ya pili haitajwi. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini Ouagadougou, Burkina Faso, Machi 2007, miezi mitatu kabla ya mechi ya Bouaké, na uliandikwa na wanasiasa waliokaa mezani, si na wachezaji. Kisha, baada ya uchaguzi wa 2010, Rais Laurent Gbagbo alikataa kumwachia mshindi, Alassane Ouattara, madaraka, na watu wapatao 3,000 wakauawa. Drogba alikuwa bado anacheza. Magoti yaliyopigwa Omdurman hayakumzuia yeyote, kwa sababu mzozo wa nani ni raia na nani ana haki ya kuwania urais haukuwahi kumalizwa.

Kwetu, Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, barabara zinazoingia katikati ya Nairobi zilifungwa, Bunge likazungushiwa seng'enge za wembe, na kufikia jioni ya siku iliyofuata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 30. Wiki nne baadaye tukaifunga DR Kongo katika CHAN. Vijana wale wale ambao mkusanyiko wao ulionekana tishio Julai walialikwa uwanjani kwa matangazo Agosti, ingawa Kifungu cha 37 cha Katiba hakitofautishi kati ya umati wa aina moja na mwingine mradi umekusanyika kwa amani na bila silaha. (Sisemi kwamba mashabiki wote walikuwa malaika, waliovamia milango ndio waliotuletea faini ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kufanya mechi ya Zambia iwekewe kikomo cha watu 27,000.) Wachezaji waliahidiwa Sh1 milioni kila mmoja kwa kila ushindi, na siwaonei kijicho, kwani walizitolea jasho. Ninachouliza ni kwa nini mkono wa serikali ulio mwepesi hivyo kwa mfungaji wa bao unakuwa mzito kwa mzazi aliyezika mtoto baada ya maandamano ya Juni 2024 na ambaye bado anasubiri fidia na kesi.

Madagascar ilipotutoa kwa penalti, uwanja ulinyamaza, watu wakatembea kuelekea Thika Road bila kusukumana. Ukimya huo ulikuwa wa watu waliochoka. Nilipomuuliza mpwa wangu kama ataibeba bendera ile kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, alisema ataibeba, ila huenda ikahitajika mahali pengine kabla ya hapo.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi