Rehema, acha kuulinda usiku

Tanga, Jumapili jioni

Mpenzi Rehema,

Assalaam aleikum mwenzangu. Huku hatujambo, watoto wazima, na Baba Salim anakusalimu sana. Mvua za vuli zimeanza na njia ya kwetu imekuwa tope tupu. Salamu nyingine nitazimalizia mwishoni, kwa sababu leo nina la kukwambia na ni refu, ndiyo maana nimeona niandike.

Ujumbe wako wa sauti niliukuta asubuhi. Umeurekodi saa 9 usiku. Nasikia feni yako inalia kile kilio chake, Baba Shani anakoroma pembeni, na wewe unanong'ona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Kilichonishika si pale uliposema hujapata hata lepe la usingizi. Ni pale uliposema siku hizi ikiadhiniwa Magharibi tu tumbo linakukata, maana unajua usiku unakuja. Hapo nikajua tuko kwenye habari nyingine. Mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya joto au mbu hauogopi usiku wa kesho. Wewe unauogopa.

Mimi naijua hiyo hali, ingawa wakati ule sikukwambia. Unakumbuka Baba Salim alipolazwa? Nilikuwa nalala na simu juu ya kifua, nikisubiri kupigiwa. Alhamdulillahi akapona, akarudi nyumbani, akaanza kugombana na kuku wangu kama kawaida yake. Usingizi wangu haukurudi naye. Mgonjwa amelala fofofo, mimi niliyekuwa mzima nimekodoa macho darini. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Mmarekani mmoja mtaalamu wa usingizi, Arthur Spielman, alilieleza jambo hili vizuri sana miaka ya 1980: kinachoanzisha kukosa usingizi ni kimoja, na kinachokufanya uendelee kukosa ni kingine kabisa. Kilichoanzisha kwangu kilikwisha. Kilichobaki ni mambo niliyokuwa nikiyafanya ili nilale.

Na nilifanya mengi. Kuna aliyesema nimetupiwa kitu, kuna aliyeniletea maziwa ya moto, kuna aliyenipa pilitoni, ile dawa ya mafua na mzio. Pilitoni inalevya siku za mwanzo, halafu mwili unaizoea na unabaki na mdomo mkavu na kichwa kizito asubuhi. Na hizo diazepam za kulalia unazosema jirani anakupunguzia kidonge kimoja kimoja, Rehema, tafadhali. Ile ni dawa ya kuandikiwa na daktari, inakaa mwilini muda mrefu, na ukishaizoea kuiacha ni kazi. Kama umekuwa ukiimeza kila siku, usiikate ghafla pia. Mwambie daktari akupunguzie taratibu.

Mwishowe nilielekezwa kliniki ya afya ya akili. Nilijivutavuta kwenda, nisikufiche. Wewe unajua kwetu ukitaja kliniki hiyo watu wanaiona Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na Dodoma nzima. Kumbe ni benchi na foleni kama kliniki nyingine, na ndani kuna nesi wa makamo, mpole lakini haachi kitu kipite. Akaniuliza, "Mama, ukiwa kitandani unafanya nini?" Nikamjibu nalala. Akasema, "Hulali, ndiyo maana umekuja kwangu. Unafanya nini?"

Nikafikiri. Nikamwambia nahesabu. Nikilala sasa hivi nitapata saa 5. Zikipita, nikilala sasa nitapata 4. Natazama simu. Nasikiliza moyo unavyodunda kwenye mto. Najichungulia kama nimeanza kusinzia, na nikijichungulia tu naamka kabisa. Akacheka. Akasema mimi ni kama mlinzi anayegonga dirisha la mwenye nyumba kila nusu saa kumuuliza, "Bosi, umelala?"

Maelezo yake yalikuwa haya. Mwili una mambo mawili yanayoleta usingizi. Moja ni uzito unaojikusanya tangu unapoamka; kadiri unavyokaa macho ndivyo unavyoongezeka. La pili ni saa ya ndani ya mwili, inayofuata mwanga na giza. Yote mawili yanafanya kazi bila kukuomba ruhusa. Kinachoyashinda kwa muda ni woga, kwa kuwa mwili ukidhani kuna hatari hauoni sababu ya kulala. Sasa wewe na mimi tumeufundisha mwili kwamba hatari yenyewe ni kitanda. Si ulisema unasinzia kwenye kochi tamthilia ikiendelea, halafu ukiingia chumbani macho yanakuwa makavu? Ndicho hicho. Kwenye kochi hukuwa unajaribu kulala.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukirudishia kitanda heshima yake. Kanuni yenyewe si mpya, mwanasaikolojia Richard Bootzin aliitoa mwaka 1972: kitanda ni cha kulala na cha mume na mke, basi. Si cha simu, si cha kupigia hesabu za unga. Unakipanda ukiwa unasinzia kweli, siyo umechoka tu. Na ukiona usingizi haujaja na moyo umeanza maneno yake, unashuka. Usitazame saa, kisia tu. Ikifika kama robo saa hivi, toka. Utarudi ukisinzia, na usipolala unatoka tena.

Najua utasema nitoke niende wapi, nina chumba na sebule na watoto wamelala sebuleni. Mimi nilikuwa natandika mkeka mdogo pale ukumbini, karibu na mlango wa jikoni, nawasha taa ndogo ile ya kuchaji, nateremsha ungo wa choroko. Nachambua. Mbovu huku, kijiwe huku, nzima huku. Hakuna kazi inayochosha akili kama choroko usiku, na uzuri wake haina mwisho wala habari mpya. Simu inabaki chumbani, kifudifudi. Shingo ikianza kuanguka naacha ungo palepale narudi kulala. Kuna usiku nilikwenda na kurudi mpaka nikajicheka. Baba Salim alinikuta siku moja akadhani nimeanza mambo ya ushirikina, maana kuna mwanamke gani anachambua choroko saa 8 usiku?

Kazi ya pili ndiyo ngumu, nami nakwambia mapema usije ukaninunia. Unapunguza muda wa kukaa kitandani. Siku hizi unapanda saa 3 ili "uwahi", unakaa huko mpaka alfajiri, na humo unalala saa 5 au 6 za vipande vipande. Sasa ukiwa lazima uamke saa 11 alfajiri kwa ajili ya maandazi, basi usipande kitandani kabla ya saa 5 usiku. Hata ukiwa hoi. Na hiyo saa 11 haibadiliki, umelala hukulala, Jumapili au sikukuu, na mchana hakuna kujiegesha. Adhana ya Alfajiri ikusaidie. Kwetu huku haihamihami sana mwaka mzima. Jua likitoka kaa nje kidogo nalo. Ukishaona saa hizo 6 unazilala karibu zote, unaongeza dakika 15, unakaa nazo wiki, unaongeza tena. Lakini muda wa kitandani usiupunguze kabisa chini ya saa 5 kwa usiku.

Siku za mwanzo utachoka kuliko sasa, na ndiyo dawa yenyewe. Lakini mafuta ya moto hayataki mtu anayesinzia, kwa hiyo karai mwachie Shani, wewe sukuma na kukata. Na mtu mwenye kifafa, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au anayeendesha gari, hilo la kupunguza usingizi asilianze bila daktari. Kwa wewe ninalo swali moja tu: Baba Shani akiwa macho, muulize kama unakoroma kwa nguvu na kuna wakati pumzi inakatika, kisha unashtuka kama uliyekabwa. Kama ndivyo, acha barua yangu, nenda hospitali kwanza. Huo ni ugonjwa mwingine.

Kule kurukaruka kwa mguu unapoanza kupitiwa, ulikosema ni roho inataka kutoka, hakuna ubaya. Misuli inashtuka mwili unapoingia usingizini, na huwatokea watu wengi mno, wagonjwa na wazima. Ukiwa na wasiwasi na chai nyingi mwilini ndiyo inazidi. Kuhusu chai sitasema sana, ila ile ya rangi unayoifunga nayo siku saa 2 usiku iache. Kafeini huchukua kama saa 5 hivi kupungua nusu, kwa hiyo ikifika saa 7 usiku nusu ya kikombe bado iko na wewe.

Umeniambia pia kwamba ile dua ya kulala sasa inakutisha, kwa sababu inataja kufa, na unaikatisha katikati. Hili nimelifikiria sana, mimi si shehe. Ila tangu tuko bweni tunaisoma, tukiwa watoto tusio na hofu yoyote, na tukiimaliza tunageukia ukutani. Dua ile ni ya kukabidhi. Unamkabidhi Mwenyewe, basi, zamu yako imekwisha. Wewe unakabidhi halafu unabaki macho kuangalia kama imepokelewa. Isome mpaka mwisho, taratibu, na asubuhi usiache ile ya kushukuru kuamka.

Na kuna hila moja ambayo nesi alinipa nikaona ananichezea. Viktor Frankl, daktari wa Vienna, ndiye aliyeieneza. Ukishapanda kitandani na taa imezimwa, usijaribu kulala. Jaribu kukaa macho. Huna simu, huna taa, umelala chali, macho wazi gizani, unajiambia ngoja nikae macho kidogo tu. Kwangu ilifanya kazi kwa sababu iliniondolea mtihani: huwezi kufeli jambo usilolijaribu. Kwako huenda isifae, mtu na mtu. Lakini ijaribu kabla ya kuidharau kama nilivyoidharau.

Sitakudanganya kwamba sasa nalala kama pono. Ramadhani ratiba ilipovurugika na daku, woga ulirudi, ukakaa na mimi kama mgeni asiyeaga. Tofauti ni kwamba sikuuhangaikia. Nilitoka na ungo wangu. Asubuhi nilikuwa mchovu, nikapika, nikafua, nikagombana na muuza samaki, siku ikapita. Hapo ndipo niliona kwamba usiku mbaya haumaanishi kesho imeharibika; nilikuwa nauogopa zaidi ya unavyostahili.

Jambo hili likikukaba angalau siku 3 kwa wiki kwa miezi 3, linahesabiwa ugonjwa sugu, na wewe umeshapita hapo. Kwa hiyo nenda kliniki, usijitibu kwa barua yangu peke yake. Waulize tiba ya kubadili fikra na mwenendo kwa ajili ya usingizi. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba hiyo ndiyo ianze kabla ya vidonge, basi usikubali kuambiwa ni maneno matupu. Nauli ikikupiga chenga niambie.

Masharti yangu mawili. Saa 9 usiku usinirekodie sauti tena. Nirekodie jua likishatoka. Na ukinipigia usinianzie na "jana nimelala saa ngapi". Nataka habari za maandazi, za mama mkwe, na kama Shani amepeleka ile fomu ya shule.

Shule zikifungwa njooni. Msalimie Baba Shani, mwambie feni ile inataka grisi.

Wako,
Mwanaidi